Ndege Asiyeomba Rangi

Katika studio ya Mama Picha kulikuwa na fremu moja isiyokuwa na picha. Ilitundikwa mahali pazuri kuliko zote, juu ya kiti cha wateja, pale ambapo mwenye studio mwingine angeweka harusi kubwa au mheshimiwa fulani amekaa na fimbo yake. Kioo chake kilifutwa kila asubuhi. Nyuma ya kioo palikuwa na kadibodi ya kahawia tu. Mgeni aliyekaa kusubiri zamu yake hakukosa kuuliza.

"Mama, huyu ni nani?"

"Bado hajafika," Mama Picha alijibu bila kugeuka.

Wengine walidhani anamngoja mume. Wengine walinong'ona habari za mtoto aliyepotea. Sisi wa mtaani tulijua: alikuwa anamngoja ndege.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kumuuliza, na ningemuuliza angeniuliza mimi kwanza nataka kujua kwa nini. Upande ule wote wa Kisumu unaoteremka kwenda bandarini ulimwita Mama Picha. Mwenyewe alilizoea jina hilo kiasi kwamba akibishiwa hodi alisema, "Ingia, Mama Picha yuko ndani," kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine.

Alikuwa mwanamke mrefu, na kicheko chake kilivuka barabara mpaka kwa fundi viatu wa ng'ambo. Lakini mteja hakuruhusiwa kucheka. "Funga mdomo, meno ni ya kula," alimwambia kila mtu, awe karani au kuli. Alitaka watu watoke katika picha wakiwa wazito, kama watu wenye mashamba. "Kidevu juu. Hapo hapo. Usipumue." Kisha, wakati wa kubonyeza, yeye mwenyewe ndiye aliyeangua kicheko. Kwa hiyo ukichukua picha za watu wa Kisumu za miaka ile ya sitini ukaziangalia vizuri, utaona wengi wamefunga midomo kama wako kanisani, lakini macho yanacheka. Walikuwa wanamwangalia Mama Picha.

Nyuma ya kiti alitundika pazia lililochorwa ngazi za jumba kubwa, ngazi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzipanda. Pembeni kulikuwa na koti jeusi la watu wote. Liliwaenea wanene na wembamba sawasawa kwa sababu nyuma lilibanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kulikuwa na saa ya mkononi isiyotembea, ya kuvaa, na redio iliyotolewa matumbo, ya kuwekea mkono. Mtu aliingia na ndala akatoka mkurugenzi.

Na kulikuwa na rangi. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wake hasa. Filamu zake zilitoa picha nyeusi na nyeupe tu, na aliyetaka rangi ilibidi apakwe kwa mkono. Mama Picha alizungusha pamba kwenye kijiti cha kiberiti, akaichovya katika rangi iliyokamuliwa kutoka kwenye tyubu ndogo ndogo, akaisugua juu ya picha taratibu, mdomo kwanza, kisha mashavu, kisha nguo. Kabla hajaanza aliuliza, "Rangi gani?" Sikumbuki kumsikia mtu akijibu kwa rangi ya nguo aliyokuwa ameivaa. Mfanyakazi wa reli aliyevaa shati lililopauka alisema, "Weka kijani, Mama, ile inang'aa." Bwana harusi mmoja alitaka viatu vyekundu. Mama Picha alipaka yote bila kubisha.

"Picha ni ya sura yako," alisema. "Rangi ni ya ombi lako."

Sebuleni kwetu Kaloleni palikuwa na picha ya mama yangu, aliyopigwa kwa Mama Picha siku zile bendera yetu ilipokuwa bado mpya. Amesimama kando ya zile ngazi, mkono juu ya redio, amevaa gauni la buluu. Mama alifariki miaka michache baadaye, nikiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo, kila nilipomkumbuka, alikuwa na gauni lile. Jikoni akisonga ugali, gauni la buluu. Kwenye foleni ya bomba, gauni la buluu. Mlangoni jioni, ameweka mkono juu ya macho kukinga jua, ananiita nirudi, buluu.

Mtu akisikia habari ya ile fremu hudhani kwamba Mama Picha alikuwa mpenzi wa ndege. Hapana. Ndege kwa jumla aliwachukia. Kunguru aliwarushia mawe. Korongo wakubwa waliosimama kwenye takataka za samaki aliwaita makarani, kwa jinsi walivyotembea taratibu mikono nyuma bila kufanya lolote. Mteja mmoja aliyetaka kumfurahisha alimletea kanga mzima, amefungwa miguu, awe mfano wa kuweka katika fremu. Mama Picha alishukuru sana, akamla Jumapili.

Alimtaka ndege mmoja tu. Alikuwa ameitwa kupiga picha za harusi upande wa Shinyalu, kando ya msitu wa Kakamega. Siku nzima alipiga, na picha ya mwisho kabisa ya filamu ikamwendea shangazi wa bibi harusi, aliyedai lazima apigwe peke yake. Hapo filamu ikaisha. Na hapo hapo ndege akatoka msituni, akaelea juu ya vichwa vya watu wa harusi bila kupiga mabawa, akatua juu ya mti na kuanza kukimbia kwenye tawi kama mtu aliyechelewa ibada. Mkubwa kama jogoo. Kichwani ana kishungi, mkia mrefu, mdomo wa manjano unaoishia wekundu. Na mwili mzima buluu.

"Buluu gani?" watu walimuuliza aliporudi.

Aliweka kamera mezani. "Macho yangu yalikuwa yametoka kwenye kioo cha kamera. Mimi nikishaangalia kile kioo siku nzima, naona nyeusi na nyeupe tu, hata nikiinua kichwa. Najua ilikuwa buluu. Buluu gani, sijui."

Watu walicheka mpaka wakachoka. Fundi viatu hakuchoka.

"Mama Picha! Ile kuku yako ya buluu imetaga?" alipaza sauti kila asubuhi akifungua kibanda.

"Imetaga viatu! Ndiyo maana zako zinanuka!"

Wiki ile ile alitundika fremu. Na kila mwaka mvua kubwa zilipopungua alifunga studio kwa siku chache, akaenda msituni kumtafuta. Alirudi na picha za majani. Aliwahi kurudi na picha nzuri sana ya tawi ambalo ndege alikuwa ameliacha sasa hivi.

Nikiwa mwanafunzi wa sekondari nilimwambia, kwa ujuaji wa umri ule, kwamba angeweza kuchora ndege yeyote akampaka rangi yoyote. Nani angejua? Aliweka kijiti chake chini.

"Mteja ananiomba nimdanganyie, namdanganyia, tunaelewana. Huyo ndege hajaniomba."

Alikuwa na mambo yaliyogongana hivi bila yeye kuona tabu. Alipaka watu uongo kutwa nzima, na alikuwa hasemi uongo hata wa adabu. Ukimwalika chakula kikiwa kibaya alisema, "Hii imekushinda, lakini nitamaliza." Alidai wateja wafike kwa saa, naye saa aliyonayo ilikuwa ile isiyotembea. Aliimba kwaya kwa sauti iliyokwenda njia yake yenyewe, na mwalimu wa kwaya hakuthubutu kumtoa kwa sababu picha za kwaya zote zilikuwa kwake.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitumwa chumvi nawaza njiani kama wametaka ya mawe au ya unga, na nikifika dukani nawaza kama kweli nilitumwa. Nilipomaliza chuo kikuu Nairobi nikarudi nyumbani kungoja kazi, hali ilizidi. Baba aliniangalia nikizunguka uani na kikombe cha chai, akamwambia Mama Picha aliyekuwa amepita kutusalimia, "Huyu alisoma akapitiliza."

"Nipe mimi," alisema. "Nampeleka msituni."

Niliuliza kwa nini mimi. Alikaa, akanieleza kama mtu anayeeleza jambo alilokwisha kuliamua.

"Nimechukua watu wengi. Nilichukua fundi viatu, akaniambia buluu ni buluu tu. Nikachukua mama mmoja wa kwaya, akasema ni kama ya mbinguni. Mbinguni amefika lini? Nataka mtu haridhiki haraka. Wewe huridhiki hata na chai. Mimi nitaangalia mwanga. Wewe kazi yako ni rangi. Usije ukaniambia ni buluu. Uniambie buluu gani."

Kazi hiyo ilinitia hofu kuliko mtihani wowote. Siku zote kabla ya safari nilifanya mazoezi. Niliangalia buluu ya kufulia ikiyeyuka kwenye beseni. Niliangalia wino. Nilishuka gatini asubuhi kuliangalia ziwa nikalikariri, nikarudi mchana kujipima, nikakuta limebadilika, nikashindwa kujua ni lipi lililokuwa sahihi.

Tulipanda basi mpaka Khayega, kisha tukatembea. Yeye alibeba kamera akiwa ameifunga kwenye leso kama mtoto, mimi nikabeba miguu mitatu ya kuisimamishia. Barabara ya vumbi ilipita kati ya mahindi na migomba, watu wakatusalimia kutoka milangoni, na baadaye, bila kutuandaa, msitu ukasimama mbele yetu kama ukuta. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya majani yaliyolowa. Sisi watu wa ziwani tumezoea kuona mbali. Mle ndani huoni mbali popote, na nilijikuta nazungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Mlinzi wa msitu alitupokea kwenye nyumba ya mbao ya wageni. Alikuwa mtu wa tumbo, mchangamfu, amevaa sweta la rangi ya majivu.

"Hao ndege? Hao ni kama kuku wangu. Kesho asubuhi wanakuja kwa ule mkuyu. Lakini kwanza mnipige mimi."

Alipigwa akiwa na panga. Akapigwa bila panga. Akapigwa akiegemea mti, panga likiwa limeegemea pia. Filamu ikazidi kupungua, nami nikahesabu kila mlio wa kamera, lakini Mama Picha hakuwa mtu wa kumnyima mtu picha.

"Kidevu juu. Funga mdomo. Rangi gani?"

"Sweta uweke nyekundu, Mama. Nyekundu kabisa."

Mama Picha aliniangalia, akanikonyeza.

Mchana ule tulikwenda kukaa chini ya mkuyu, ili tuuzoee na wenyewe utuzoee, kama alivyosema. Tulikaa juu ya mizizi, tukala mayai ya kuchemsha. Nyani walitupita juu. Nilimenya yai langu la pili, nikasahau kulila.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Siogopi. Nawaza."

"Unawaza nini?"

"Nikisahau je? Nikimwona halafu nikasahau ilikuwa buluu gani?"

"Rangi haisahauliki kama uliiangalia."

Nikaona nijitie moyo. "Kweli. Mimi mpaka leo nakumbuka gauni la mama. Lile la buluu. Hata lilivyokuwa likicheza akitembea nakumbuka."

Aliacha kutafuna. Aliangalia ganda la yai mkononi mwake, akalitupa.

"Nyathina," alisema. Aliniita mwanangu kwa Kijaluo mara chache sana. "Ile gauni haikuwa buluu."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Ilikuwa kahawia. Kama chai ya maziwa ikipoa. Gauni nzuri, ilishonwa vizuri, lakini kahawia. Nikamuuliza rangi gani. Akasema, weka buluu, siku moja nitashona ya buluu."

"Alishona?"

"Sijui. Mimi sikumwona nayo."

Sijui nieleze vipi kilichonipata pale. Hakuna kilichoibiwa. Mama alikuwa bado amekwenda, na alikuwa bado amenipenda. Lakini nilirudi jikoni kwetu kichwani, nikamkuta anasonga ugali, na gauni likakataa kubadilika. Nililiamuru liwe kahawia, likabaki buluu. Nikaenda bombani, nikaenda mlangoni. Kila mahali nilikuwa nimempaka.

"Basi mimi si shahidi," nikasema. "Tafuta mtu mwingine."

"Humu msituni nimtoe wapi? Yule mlinzi? Yule sweta yake mwenyewe haijui."

"Mama, nasema kweli. Macho yangu yanadanganya."

"Ya kila mtu yanadanganya. Wenzako hawajui tu, ndiyo maana wananiletea mbinguni." Akanipa yai lingine. "Kula. Kesho uangalie."

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye matawi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, sauti nzito ya kooni, kok, kok, kok, kama mtu anagonga chungu. Kisha tawi la juu likatikisika, na ndege akatoka.

Mama Picha alikuwa ameinama juu ya kamera yake. Ilikuwa ya aina ile unayoiangalia kwa juu, na kioo chake kilionyesha kila kitu kinyume: ndege akikimbilia kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Kamera ya kupigia watu wanaotii. Nilimwona akizungusha mikono huku, akirudisha kule, jasho limemtoka katika baridi ile. Na nikamsikia ananong'ona, kwa mazoea tu, kwa sauti ile ile ya studio.

"Kidevu juu... hapo... usipumue."

Ndege alikimbia kwenye tawi, akafika mahali ambapo majani yalikuwa yameachana na jua limeingia, akasimama. Akainua kichwa. Naapa aliinua kichwa.

Kamera ikalia. Safari hii Mama Picha hakucheka. Ndege alifungua mabawa, akaelea kuvuka uwazi na kumezwa na miti ya upande wa pili.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Buluu gani?"

 Ndani ya majani alikuwa na rangi moja, nzito, karibu na ya mawingu ya mvua. Kwenye jua alikuwa na nyingine, yenye ukijani ndani yake. Na alipoelea ilitokea ya tatu, ambayo niliiona kwa muda wa kupepesa jicho. Nilizitaka zote tatu. Nilianza, "Zilikuwa..."

"Usiseme zilikuwa! Sema moja."

Sikuweza. Nyuma ya zile rangi tatu lilikuwa linapita gauni, buluu, kahawia, buluu. Mama Picha aliniangalia. Ndipo kicheko chake kilipokuja, chote alichokuwa amekizuia, mpaka nyani wakahama.

"Nilitaka mtu haridhiki haraka," alisema akijifuta macho. "Yawa! Nimempata."

Kwenye picha yenyewe ndege alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Alimkuza katika chumba cha giza mpaka picha ikafanya chembechembe kama mchanga. Lakini alikuwepo: kishungi, mkia, kichwa juu, amesimama kama mtu mwenye shamba.

"Amekaa vizuri kuliko yule shangazi wa harusi," Mama Picha alisema, na sijawahi kumsikia akisifu mtu zaidi ya hapo.

Kilichobaki kilikuwa rangi. Jioni baada ya jioni tulikaa na zile tyubu. Alichanganya, akapaka kwenye kipande cha karatasi, akanionyesha. Si hiyo. Inakaribia. Hapana, imepita. Sikuwa nambishia. Kila alichonionyesha nilikiangalia kwa moyo wote, na kila nilipotaka kusema ndiyo nilijiuliza ni nani anayesema hiyo ndiyo, mimi au ile picha ya sebuleni. Fundi viatu aliingia siku moja, akasimama nyuma yetu.

"Omera, jamani, paka tu buluu watu walale!"

"Wewe rudi kwa viatu yako."

Mwishoni alimweka ndege katika fremu hivyo hivyo, bila rangi, akafuta kioo. "Atakaa hivyo mpaka ukumbuke," alisema. Hakuwa amekasirika. Nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa na mwenzake katika kungoja.

Nikapata kazi ya kufundisha upande wa Awasi. Kila nilipokuja Kisumu nilipita studio. Alinisikia mlangoni, akauliza bila kugeuka, "Bado?" Nikajibu, "Bado, Mama." Hiyo ikawa ndiyo salamu yetu, akacheka, kisha tukaulizana habari nyingine.

Mambo yalibadilika polepole. Walikuja vijana wenye filamu za rangi, walizozipeleka Nairobi kusafishwa. Watu waliona shati lililopauka likitoka limepauka, wakanung'unika, lakini hawakurudi kwa Mama Picha. Rangi za kweli zilikuwa na heshima mpya. Na mikono yake ilianza kutetemeka. Safari moja nilikuta mlango wa studio una kufuli. Fundi viatu alisema amehamia Luanda Kotieno, kwenye nyumba yake juu ya ufuko.

"Na ile kuku?" nikamuuliza.

"Aliibeba mwenyewe," alisema, akainama kwenye kiatu, na hakunitania.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilikwenda. Basi liliishia pale mashua zinapoondokea kwenda Mbita. Wanawake walikuwa wanageuza omena, dagaa wa ziwa, juani juu ya nyavu kuukuu. Nikamuuliza mmoja wao nyumba ya Mama Picha.

"Yule anakataza watu kucheka?" alisema. "Ile ya bati mpya. Uende na meno imefichwa."

Alikuwa amepungua. Urefu ulibaki, lakini ulikuwa umeinama mbele, kama bado anaangalia kamera. Chai aliyoniletea ilifika nusu, nyingine ilikuwa kwenye sahani.

"Mikono imeanza kuwa na mambo yake," alisema. "Kaa."

Fremu ilikuwa ukutani, mkabala na dirisha. Ndege alikuwa vile vile, mwenye rangi ya majivu, kichwa juu.

"Bado?" aliniuliza.

"Bado, Mama."

Siku zote hapo ndipo alipocheka. Safari hii alitikisa kichwa, akaenda kwenye kabati akarudi na kopo la biskuti. Zile tyubu. Nyingi zilikuwa zimekauka. Akaweka pamba, akaweka kiberiti, akaishusha fremu na kutoa picha, akailaza mezani mbele yangu.

"Basi ni leo. Paka."

"Mimi?"

"Mimi nikishika pamba nitampaka na meza. Macho bado iko, lakini sijui na yenyewe itaniambia kwaheri lini. Nataka kumwona."

"Tutoe picha nyingine kwanza, tujaribu juu yake. Negativu, ile filamu yake, iko wapi?"

"Kuvu ilikula. Ni huyu peke yake."

"Nikikosea?"

"Utakuwa umekosea. Paka."

Nilizungusha pamba kwenye kijiti. Nilikamua buluu kidogo, kijani kidogo, nyeupe. Nikachanganya, nikaongeza, nikapunguza.  Nilitafuta zile rangi tatu za mkuyuni, na kwa mara ya kwanza nikaziona hazigombani, zimekaa pamoja zinaningoja. Hata hivyo sikugusa picha. Nilikuwa nimeanza kuwaza.

"Kidevu juu," alisema Mama Picha. "Hapo. Usipumue."

Nikaweka pamba juu ya kifua cha ndege, nikavuta. Rangi ikaingia kwenye zile chembe za mchanga, ikazijaza. Nikaenda mgongoni. Nikaenda bawani, nikashuka na mkia, na sikusimama kujiuliza wala kurudi nyuma mpaka nilipofika ncha. Kisha nikaweka kijiti chini na kuangalia nilichofanya.

Ilikuwa rangi nzuri. Ilikuwa nzuri, na nilikuwa naifahamu. Nilijua nimeitoa wapi kabla hajasema.

Mama Picha aliichukua picha kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani. Ilitetemeka mikononi mwake hata ndege akaonekana kama anataka kuruka. Aliiinamisha kwenye mwanga huku na huku.

"Hii," alisema, "ni gauni ya mama yako."

Ndiyo. Ilikuwa ile ile buluu aliyoichanganya yeye mwenyewe, siku zile bendera ikiwa mpya, kwa sababu mwanamke mmoja alimwomba. Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Nitaifuta. Bado mbichi, itatoka yote."

"Acha."

"Lakini Mama, si ya ndege hii. Wewe ndiye uliyesema. Ndege hakuomba."

"Hakuomba," alikubali. Hakuondoa macho kwenye picha. "Leo naomba mimi."

Nilimrudisha ndege kwenye fremu akiwa bado hajakauka, kioo nikakiacha kando, nikamtundika pale pale ukutani. Tukavuta viti, tukakaa chini yake bega kwa bega kama wateja wanaosubiri zamu, midomo tumeifunga, macho yanacheka.